Fedha zipo, hazifiki: Mzazi anapokwama na kadi ya benki akiuguza India

Familia ikiambiwa mtoto au mzee anahitaji kupelekwa India kwa matibabu, kazi ya kwanza huwa ni kutafuta fedha. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, michango inaingia kwenye simu ya mjomba, kiwanja kinauzwa na mkopo unachukuliwa. Baada ya wiki au miezi kiasi kinatimia, tiketi inakatwa.

Swali ambalo vikao hivyo hulipa muda mdogo ni hili: fedha hizo zitamfikiaje anayesafiri?

Mara nyingi anayesafiri ni mtu mzima mmoja tu. Utaratibu wa viza ya matibabu ya India kwa njia ya mtandao unaruhusu wasindikizaji hadi wawili kwa mgonjwa mmoja, lakini nauli, chumba na chakula cha mtu wa pili ni mzigo ambao familia nyingi haziuwezi. Hivyo mama anaondoka na mwanawe mgonjwa, au baba anakwenda kutibiwa peke yake, akiwa na kadi moja ya benki, simu moja na dola chache kwenye pochi.

Kadi hiyo ikikataa kwenye dirisha la malipo, michango yote inabaki Dar es Salaam, Zanzibar au Mwanza, na mgonjwa yuko Chennai au Hyderabad. Fedha zipo, ila hazifiki. Na hospitali nyingi binafsi huko huomba malipo ya awali kabla ya kulaza mgonjwa au kumpangia upasuaji.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya matatizo haya inazuilika kwa siku moja au mbili za maandalizi kabla ya ndege kuruka.

Kwa nini kadi hukataa

Kadi kukataa hakumaanishi kwamba akaunti haina kitu. Zipo sababu kadhaa, na karibu zote ni rahisi kushughulikia ukiwa mbele ya ofisa wa benki, ila ni ngumu ukiwa umbali wa bahari nzima.

Ya kwanza ni kadi kutofunguliwa matumizi ya nje ya nchi. Baadhi ya benki huyafunga matumizi hayo kwa usalama hadi mteja aombe. Ya pili ni mfumo wa ulinzi wa benki: kadi iliyotumika Kinondoni Jumatatu ikionekana Hyderabad Jumatano, mfumo unaweza kudhani imeibwa na kuizuia.

Ya tatu ni ukomo wa siku. Akaunti inaweza kuwa na shilingi milioni 20, lakini kadi imewekewa kiwango kidogo zaidi cha matumizi kwa siku. Hospitali ikijaribu kukata malipo ya awali yanayozidi kiwango hicho, mashine inakataa hata kama fedha zimejaa.

Ya nne ni kukosea namba ya siri. Kwa kawaida ukikosea mara tatu kadi inafungwa, na mtu aliyechoka kwa safari ya usiku kucha hukosea kirahisi. Ya tano ni kadi kuisha muda wake wakati mgonjwa bado yuko wodini. Mwezi na mwaka wa mwisho vimeandikwa kwenye kadi yenyewe. Matibabu yakitarajiwa kuvuka tarehe hiyo, kadi mpya iombwe mapema.

Kisha kuna kadi zisizo na alama ya mtandao wa kimataifa kama Visa au Mastercard. Hizo hufanya kazi nyumbani tu.

Laini ya simu ndiyo ufunguo

Wasafiri wengi hutunza kadi vizuri na kusahau simu. Malipo mengi ya mtandaoni hayakamiliki mpaka mwenye kadi aingize tarakimu za uthibitisho, zile zinazojulikana kama OTP, ambazo benki huzituma kwa ujumbe mfupi kwenye namba aliyoandikisha. Programu ya benki kwenye simu nayo inaweza kudai tarakimu hizo, hasa ukibadilisha simu.

Mama akifika India, akatoa laini ya nyumbani na kuweka ya kule ili apate intaneti ya bei nafuu, amejifungia mlango kwa nje. Ujumbe wa benki unakwenda kwenye laini iliyo ndani ya mkoba, imezimwa.

Suluhisho ni simu ya laini mbili. Laini ya nyumbani ibaki mahali pake, iwe imewashiwa huduma ya kutumika nje ya nchi, ile inayoitwa romingi, kabla ya kuondoka. Intaneti ya laini hiyo izimwe ili isile salio, itumike kupokea ujumbe tu. Gharama za kupokea na kutuma ziulizwe kwa kampuni ya simu, na salio kidogo liachwe humo.

Jambo jingine ni menyu za kupiga nyota na reli ambazo wengi hutumia kuangalia salio au kuhamisha fedha. Nje ya nchi menyu hizo huenda zisifunguke kabisa. Ni vizuri programu ya benki iwekwe na ijaribiwe nyumbani.

Njia tatu badala ya moja

Msafiri anayetegemea njia moja ya fedha yuko hatarini hata kama njia hiyo ni nzuri. Familia inapaswa kugawa fedha kulingana na matumizi.

Fedha kubwa ya matibabu ni bora ipite benki kwa benki, kutoka akaunti ya familia hadi akaunti ya hospitali. Kwa hilo benki huhitaji barua ya makadirio ya gharama, nakala ya pasipoti, jina na namba ya akaunti ya hospitali pamoja na namba ya SWIFT ya benki yake. Kwenye sababu ya malipo liandikwe jina la mgonjwa na namba yake ya usajili hospitalini, vinginevyo fedha inaweza kufika na wahasibu wasijue ni ya nani.

Fedha ya njia hii huchukua siku kadhaa za kazi, hivyo itumwe kabla ya safari au siku ya kwanza, si asubuhi ya upasuaji. Mzazi atumiwe picha ya karatasi ya uthibitisho aionyeshe dirishani. Namba ya akaunti ihakikishwe kwa kupiga simu ya hospitali iliyo kwenye tovuti yake rasmi. Barua pepe inayodai ghafla kwamba akaunti imebadilika ni dalili ya utapeli.

Fedha ya kuishi, yaani chumba, chakula, dawa ndogondogo na usafiri, ipite kwenye kadi. Ziwe kadi mbili, na ikiwezekana za benki mbili tofauti, zikae sehemu tofauti: moja kwenye pochi, nyingine ndani ya begi lenye kufuli. Zikiwa pamoja, mwizi mmoja anachukua zote.

Njia ya tatu ni kutumiwa fedha kupitia kampuni kama Western Union au MoneyGram, ambapo mpokeaji anachukua kwa kuonyesha pasipoti. Kanuni za Benki Kuu ya India zinaweka ukomo wa dola 2,500 za Marekani kwa kila fedha inayotumwa kwa utaratibu huu. Kwa hiyo ni njia ya kuokoa jahazi, haiwezi kulipia upasuaji mkubwa wa moyo.

Hapa kuna kosa dogo linalogharimu: jina. Dada anayejulikana ukoo mzima kwa jina la utoto au kama mama wa mtoto wake wa kwanza ana jina jingine kwenye pasipoti. Fedha ikitumwa kwa jina la nyumbani, wakala atakataa kuitoa. Kila anayetuma awe na picha ya ukurasa wa pasipoti na aandike majina yote jinsi yalivyo.

Taslimu: kiasi gani na za aina gani

Dola chache za taslimu ni lazima, kwa sababu kadi haimsaidii mtu anayetoka uwanja wa ndege usiku na mtoto begani. Noti ziwe safi, zisizochanika wala kuandikwa kalamu, kwa kuwa wabadilishaji huzikataa zilizochakaa.

Lakini kubeba fedha yote ya matibabu kwenye begi ni hatari, na sheria nazo zipo. Anayeingia India na noti za kigeni zinazozidi dola 5,000, au jumla ya fedha za kigeni za aina zote zinazozidi dola 10,000, anatakiwa kuzitamka kwa maofisa wa forodha na kujaza fomu. Aidha, tangu Aprili 2017 sheria ya nchi hiyo inakataza kupokea taslimu za rupia laki mbili au zaidi kutoka kwa mtu mmoja ndani ya siku moja. Mzazi aliyebeba bulungutu akidhani atalimaliza jambo dirishani anaweza kuambiwa haliwezi kupokelewa.

Rupia za kupewa na jirani aliyewahi kutibiwa huko ziangaliwe kwa makini.  Novemba 2016 serikali ilifuta noti za zamani za rupia 500 na 1,000, na Mei 2023 Benki Kuu ilitangaza kuiondoa noti ya 2,000 kwenye mzunguko. Noti zilizokaa kabatini miaka mingi zinaweza zisinunue hata chai.

Ndani ya nchi, wenyeji hulipa kwa kupiga picha ule mraba wenye vidoa uliobandikwa dukani, kama ilivyo kwa lipa namba nyumbani. Mfumo huo unaitwa UPI, ulianza 2016, na kwa kawaida unahitaji akaunti ya benki ya India. Mgeni asiyekuwa nao akiwa na noti kubwa tu atapata shida kwa muuza matunda na dereva wa bajaji, hivyo noti ndogo ndogo zina thamani kubwa.

Kusoma bili na kujibu mashine

Bili ya India inaweza kumshtua mzazi kwa jinsi tarakimu zinavyotenganishwa. Akiona 4,50,000 asidhani karani amekosea. Hiyo ni laki nne na nusu, yaani 450,000. Wahindi huhesabu kwa laki kama Waswahili, na neno lenyewe, sawa na neno pesa, lilivuka bahari kutoka kwao. Laki 100, ambazo kwetu ni milioni 10, wao huziita krori.

Mashine ya ATM au ya malipo inaweza kuuliza kama msafiri anataka kukatwa kwa rupia au kwa fedha nyingine kama dola au shilingi. Jibu linalookoa fedha ni rupia. Akichagua nyingine, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilisha, na mara nyingi kiwango hicho ni kibaya kuliko cha benki yake.

ATM nyingi za India hutoa hadi rupia 10,000 tu kwa mara moja, na kila kutoa kunaweza kuwa na makato ya pande mbili, ya mwenye mashine na ya benki ya nyumbani. Kutoa mara chache kwa kiasi kikubwa kidogo kuna nafuu kuliko kutoa vijisenti kila siku.

Saa ya kwanza baada ya kadi kukataa

Jambo la kwanza ni kutokurudia. Kama namba ya siri imekosewa mara mbili, ya tatu isijaribiwe mpaka uhakika upatikane. Mhudumu aulizwe mashine imeandika nini, na karatasi yake ipigwe picha, kwa sababu ukomo wa siku na kadi iliyozuiwa hutatuliwa kwa njia tofauti.

Pili, salio liangaliwe. Inatokea mashine ikasema imeshindwa huku akaunti imekatwa. Kulipa tena papo hapo kunaweza kukata mara mbili. ATM isipotoa noti lakini benki ikakata, msafiri aandike jina la benki yenye mashine, mahali ilipo, tarehe, saa na kiasi, kisha atoe taarifa kwa benki yake siku hiyohiyo. Fedha hizo hurudishwa baada ya uchunguzi, ila si siku hiyo, hivyo asizipangie matumizi.

Tatu, benki ipigiwe. Hapa wengi hukwama kwa sababu namba fupi na zile za bure hazipatikani kutoka nje. Namba kamili inayoanza na +255, pamoja na barua pepe ya huduma kwa wateja, iandikwe kwenye karatasi kabla ya safari. Namba iliyo nyuma ya kadi haisaidii kama kadi yenyewe imeibwa.

Nne, hospitali iambiwe mapema. Hospitali kubwa zinazopokea wageni huwa na dawati la wagonjwa wa kimataifa. Mzazi asijifiche wodini akisubiri miujiza. Aende, aonyeshe ujumbe wa benki au karatasi ya fedha iliyo njiani, aombe muda au kulipa kwa awamu, na aulize ni huduma gani haiwezi kusubiri.

Kadi ikimezwa na mashine, atoe taarifa na kuifunga mara moja hata kama anatumaini kuipata. Asikubali msaada wa mtu aliyesimama karibu anayejua sana mashine hizo. Ndiyo maana ATM iliyo ndani ya benki, muda wa kazi, ni salama kuliko ya barabarani usiku.

Ubalozi wa Tanzania uko New Delhi, zaidi ya saa mbili kwa ndege kutoka Chennai. Unafaa kupigiwa simu pasipoti ikipotea au mtu akiwa hatarini. Usitegemewe kulipa bili ya hospitali.

Kazi ya waliobaki nyumbani

Ukoo uchague mtu mmoja wa kushughulikia fedha, asiye msafiri, anayejua kutumia programu ya benki na anayepokea simu usiku. Watu watano wakituma kila mmoja kwa njia yake, hakuna anayejua kilichofika.

Mtu huyo ajue saa. India iko mbele ya Tanzania kwa saa mbili na nusu. Benki ya Dar es Salaam ikifungua saa 2:30 asubuhi, Chennai ni saa 5:00 asubuhi. Ombi la fedha likitoka Chennai Ijumaa saa 2:00 usiku, Dar es Salaam ni saa 11:30 jioni, na uhamisho wa benki kwenda nje huenda usianze kushughulikiwa hadi Jumatatu.

Michango isikae yote kwenye simu ya mtu mmoja. Kuitoa kwenye simu kwenda benki, kuibadilisha kuwa dola na kuivusha ni hatua tatu, kila moja na makato na ukomo wake.

Na matapeli wapo. Ule ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii” hufika vizuri sana kwa familia yenye mgonjwa nje, hasa akaunti ya WhatsApp ya msafiri ikiibwa. Wakubaliane neno la siri, na hakuna fedha itumwe kabla ya kusikia sauti ya mhusika akilitaja. Upande wa msafiri, OTP haipewi mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa ofisa wa benki.

Mzazi naye ana mwili

Fedha zikikwama, kitu cha kwanza ambacho mzazi hupunguza ni chakula chake, cha pili ni dawa zake. Anamlisha mtoto, yeye anakunywa chai. Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini hilo ni hatari ya moja kwa moja: akichoma dozi ya kawaida bila kula, sukari inaweza kushuka hadi akatetemeka, akatoka jasho, akachanganyikiwa na kupoteza fahamu. Mwenye shinikizo la damu anayeruka vidonge ili vidumu naye anajiweka kwenye hatari ya kiharusi, akiwa ndiye mtu mzima pekee wa mgonjwa.

Dawa zake za kutosha safari nzima, na za ziada kidogo, ziwe kwenye begi la mkononi pamoja na cheti cha daktari chenye jina halisi la dawa, si jina la kampuni pekee. Zikiisha, cheti hicho kitamsaidia kuuliza kwenye maduka ya Jan Aushadhi, mpango wa serikali ya India unaouza dawa za jina halisi kwa bei nafuu. Na muuguzi wa mtoto aambiwe kwamba mama naye ana kisukari au presha.

Siku tatu kabla ya ndege

Kikao cha mwisho cha familia kiwe cha majaribio. Msafiri alipe kitu kidogo mtandaoni kwa kila kadi ili kuona kama OTP inaingia. Mshika fedha ampigie kwa njia watakayotumia. Benki ipewe tarehe za safari na nchi, ukomo wa siku upandishwe kwa muda, na tarehe ya mwisho ya kadi isomwe kwa sauti.

Kisha iandikwe karatasi moja, nakala mbili: namba za benki zinazoanza na +255, namba ya dawati la hospitali, ya ubalozi na ya mshika fedha. Namba ya siri isiandikwe humo. Nakala moja ikae na pasipoti, nyingine ibaki nyumbani, mahali ambapo kila mtu mzima wa familia anapajua.